Kamba Moja Juu ya Barafu



Sisi wakaaji wa Nundu twaishi kati ya ziwa na milima, na njia za kupanda twazijua. Mvua ikinyesha, njia zinazoshuka kutoka Itombwe huwa utelezi mtupu, na mwenye mzigo hupima udongo kwa fimbo kabla ya kuukanyaga. Lakini utelezi wetu ni wa matope. Katika nchi yetu hii hii, huko Kivu ya Kaskazini, upo utelezi mwingine: ule wa barafu ya milima ya Ruwenzori.

Kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina meta 5,109, nacho kiko mpakani mwa Kongo na Uganda. Mwaka 1906 mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia alikifikia, akakipa jina la malkia mama wa nchi yake. Huenda mtu akauliza: barafu yatoka wapi karibu na ikweta? Kwa kila meta 1,000 tunazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kutoka uso wa Ziwa Tanganyika hadi Margherita ni zaidi ya meta 4,300, yaani joto hupungua kwa nyuzi 26 hivi. Huko hakungojwi miezi ya baridi. Baridi hurudi kila usiku.

Upande wa Kongo, safari huanzia Mutwanga, na wapandaji hulala njiani siku kadhaa ili miili izoee hewa nyepesi. Siku ya kilele huondoka mapema sana. Theluji iliyoganda usiku hushika mguu vizuri. Jua likiipiga hulainika, na ile inayofunika nyufa za barafu yaweza kuporomoka chini ya mtu. Tena, maji yaliyoyeyuka mchana huganda usiku juu ya mwamba, yakawa utando mwembamba ambao jicho haliutambui upesi. Kwa hiyo wapandaji hufunga meno ya chuma chini ya viatu, kisha hufungana wao kwa wao kwa kamba moja.

Tuitafakari kamba hiyo. Anayeteleza huokolewa na wenzake, mradi wao wamesimama imara. Mmoja akiwa mgonjwa, wote wamo hatarini. Nao ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu. Ukizidi, mtu hupepesuka kama mlevi, na aweza kufa. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Lakini hakuna kiongozi awezaye kuyaona maumivu ya kichwa cha mwenzake. Ni lazima mwenyewe aseme.

Hapo ndipo penye jaribu. Kijana huogopa kuchekwa, akanyamaza, akaendelea kupanda. Wenzake humsifu kwa ushujaa, kumbe amewaficha habari ambayo uhai wao wautegemea. Wala kosa si lake peke yake: waliomcheka jana kwa kuchoka ndio waliomfunga mdomo leo.

Tusiseme kwamba kurudi ni jambo dogo. Wenye nguvu hukikosa kilele walichokitaabikia kwa siku nyingi. Tena barafu ya Ruwenzori imepungua mno tangu mwaka 1906. Anayegeuka leo hana hakika ya kuikuta akirudi. Hasara hiyo ni ya kweli, na wanaofungwa kamba moja hukubali kuibeba pamoja kabla hawajaanza safari.

Wahenga walisema: kutangulia si kufika. Basi, katika vikundi vyenu, iwe ni safarini, shambani au masomoni, msimtazame tu aliye mbele. Mwulizeni aliyenyamaza nyuma kama bado aweza kwenda. Naye akijibu kwamba hawezi, asiwepo wa kumcheka.