Tukaangalie Filamu Wapi?

Swali la Ijumaa jioni kwa wapenzi wa Dar linajulikana: leo tukaangalie filamu wapi? Mimi na mume wangu jibu letu lilikuwa Mlimani City. Kiyoyozi, viti laini, bisi za moto, giza. Na kuna kipindi lile giza lilitufaa kweli, maana tulikuwa hatusemezani. Saa mbili za filamu ni saa mbili za kutoulizana kitu.

Julai 2023 tukaenda kwao Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye Mwaka Kogwa. Kama hujafika, panda daladala namba 310 kutoka mjini, mwendo wa kilomita zaidi ya 60. Siku hiyo wanaume hupigana kwa migomba mpaka hasira za mwaka mzima ziishe, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na wanawake wanaimba kwa nguvu zao zote. Mume wangu alipigana vizuri tu. Mimi hakuniambia neno.

Usiku nikataka filamu, si ndiyo mazoea yetu? Tukahesabu pa kwenda. Ngome Kongwe, mjini, ambako tamasha la ZIFF lililoanzishwa 1997 limekuwa likionyesha filamu chini ya nyota? Tamasha lilikuwa limeshapita, na usafiri wa kurudi usiku tungeupata wapi? Banda umiza la jirani? Mpwa wa mume wangu akacheka. "Anti, kule wanaume watupu, na benchi lenyewe ubao."

Mama mkwe alikuwa anatusikiliza. "Mie sinema nakwenda nyinyi hamjazaliwa," akasema.

Akatuhadithia. Alipokuwa bibi harusi, marehemu baba mkwe alimpeleka mjini kwa gari la bodi ya mbao. Wakalala kwa jamaa Ng'ambo, wakaingia Majestic pale Vuga, ukumbi uliojengwa upya 1955 baada ya ule wa mwanzo kuungua. Filamu ilikuwa *Awara* ya Raj Kapoor, ya 1951, ambayo Unguja waliipenda kupita kiasi.

"Kihindi sijui hata neno," akasema. "Baba yenu ndo alonieleza, njia nzima ya kurudi. Na yeye hajui! Anatunga tu. Mie namsikiliza."

Nikaitafuta intaneti, nikaipata. Tukaweka kompyuta juu ya kiti cha plastiki barazani, mkeka chini, kahawa na kashata pembeni. Maandishi ya Kiingereza nilitaka kumtafsiria, wapi! Kila tukio analitaja kabla halijafika.

Tukafika pale hakimu anapomfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku tu. Mama mkwe akasonya. "Mtizameni huyo. Kazi yake kusikiliza kesi za watu, mkewe kashindwa kumuuliza!"

Mume wangu akainamia kikombe chake.

Mama alipokwenda kulala, tukabaki wawili. "Ule ujumbe wa usiku kwenye simu yako," akasema, "ulikuwa wa nani?"

"Wa mpiga picha wetu. Jalada lilikuwa linachelewa. Mbona siku zote hukuuliza?"

"Niliogopa jibu."

Nisikudanganye, msomaji wangu, hatukukumbatiana kama kwenye filamu. Mimi nilikasirika kuliko yeye: wiki zote zile ananihukumu kimya kimya! Tulizozana mpaka adhana ya alfajiri. Lakini tulizungumza.

Kwa hiyo wewe na mwenzi wako mwende wapi? Kama ndiyo mnaanza kujuana na maneno bado ya kutafuta, ukumbi mkubwa unafaa, filamu itawapa cha kuongea. Kama mko Unguja wakati wa tamasha, nendeni Ngome Kongwe. Chukua khanga ya kukalia, ngazi za mawe hazina huruma, na mkitoka vukeni barabara mkale Forodhani huku mnaijadili filamu. Lakini kama mna jambo moyoni, msikimbilie kiyoyozi. Tafuteni baraza, au njia ndefu ya kurudi nyumbani.

Siku hizi bado tunaenda Mlimani City. Ila tukitoka, redio ya gari tunaizima.