Bagamoyo Si Mji wa Kupita Tu

Sisi watu wa Kiwangwa twaijua sana njia ya Bagamoyo. Twashusha mananasi, twaenda hospitali au ofisi ya wilaya, kisha twarudi na gari la jioni. Wageni wa Ulaya na Marekani husafiri kutoka mbali ili wautazame mji huo huo. Basi, mananasi yakiuzwa vizuri, yafaa mzazi awatengee watoto siku moja wautembee. Siku hiyo haitaki fedha nyingi, mradi ipangwe.

Asubuhi, kabla ya jua kali, anzeni misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Habari zao zimewekwa katika nyumba ya makumbusho. Tazameni pia mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Hapo waulizeni watoto: ni nani waliouleta? Ni Susi, Chuma na wenzao, waliotembea kwa miguu miezi mingi kutoka nchi iitwayo leo Zambia. Mnara waitwa kwa jina la Livingstone, lakini mabega yaliyombeba yalikuwa ya Waafrika.

Kisha shukeni mji mkongwe. Kuna milango ya kuchonga, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na jengo walipopumzikia wapagazi wa misafara. Wajerumani walikuwa na makao makuu yao hapa hadi mwaka 1891, walipoyahamishia Dar es Salaam. Sababu moja ni maji: pwani ya Bagamoyo ni ya kina kifupi, meli kubwa haziwezi kukaribia. Majahazi hayana shida hiyo, na hata leo mtayaona yamekaa juu ya mchanga maji yakitoka. Mwenye nguvu na afike Kaole, kilomita chache kusini, palipo na magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya kale. Mkipanda bajaji, patana bei kabla ya kuketi.

Sasa habari ya kununua. Akina mama watapenda soko la samaki ufukoni. Hapo samaki hunadiwa, na wa kukaanga hupatikana papo hapo. Katika maduka ya mji mkongwe kuna vinyago, picha za Tingatinga, ngoma na mikeka. Jihadharini na kinyago kilichopakwa rangi ya viatu kikaitwa mpingo. Mpingo wa kweli ni mzito, hata ukitiwa majini huzama. Nacho kitambaa chenye maji hakitoki cheusi ukikisugua. Ukimkuta fundi akichonga, nunua kwake mwenyewe, maana fedha yako itafika jikoni kwake. Lakini pembe za ndovu na magamba ya kasa usiguse, hata ukipewa kwa bei ya chini. Sheria yakataza.

Jua likizama, mji haulali upesi. Wapo wakaao kwenye baa, na fedha yao huishia humo. Kwa jamaa yenye watoto, starehe njema ni ngoma na michezo ya jukwaani kwenye TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ikapata jina hilo mwaka 2007. Si kila usiku pana onyesho, basi ulizeni mchana. Kila mwaka hufanya tamasha kubwa. Mji huu ndio aliokaa pia marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyepeleka sauti ya zeze na ilimba nchi za mbali, aliyefariki mwaka 2003. Mkitaka kubaki hadi usiku, tafuteni chumba kabla ya giza, wala msitembee ufukoni peke yenu.

Mkirudi Kiwangwa, mtoto aketi na bibi yake amsimulie aliyoyaona. Akiweza kuwataja Susi na Chuma bila kusaidiwa, nauli haikupotea.