Kisu cha Pawatila

Ada yangu inatoka kwenye mpunga wa Mvuha, chini ya Milima ya Uluguru, na shamba linalimwa na pawatila ya enzi za Kilimo Kwanza, 2009. Visu vikiisha, mjomba hasubiri spea. Anakata springi ya lori, anaipasha hadi iwe nyekundu, anaikunja, anaizamisha kwenye oili chafu maana maji yanaweza kuipasua, kisha anaipasha tena kidogo isivunjike kirahisi. Na kaishia la saba! Sisi walimu watarajiwa tunajiandaa kueleza joto na metali kwa chaki tu. Wenzangu, tukipata shule, tuwapeleke wanafunzi kwa mafundi. Masika haisubiri kontena la spea. Msimu ukipita bila kulima, kuna mtu atarudishwa nyumbani kwa kukosa ada.