Game Night: Wote Walimcheka Gary, Isipokuwa Mmoja

Muvi ya Game Night ilitoka 2018, lakini mpaka leo ukiiweka sebuleni Jumamosi usiku hukosi watu wa kubishana. Kama bado hujaiona, ishia hapa kwanza, maana huku chini siri zinamwagwa zote.

Kwa wasioijua, Max na Annie (Jason Bateman na Rachel McAdams) ni mke na mume wasiokubali kushindwa, na kila wiki wanaalika marafiki kwao kucheza gemu. Brooks, kaka yake Max, mtu wa pesa na majigambo, anawaita kwake kwenye gemu ya utekaji wa kuigiza. Watekaji wa kweli wanaingia, Brooks anapigwa hadi fanicha zinavunjika, na wageni wanaendelea kula jibini huku wakisifia uigizaji. Ujinga wenyewe ndio utamu.

Basi kuna washkaji sita wa Dar waliiangalia pamoja juzi kati, na walitoka na muvi sita tofauti.

Aliyecheka kuliko wote ni dada mmoja nesi. Ile sehemu Annie anamtoboa mumewe mkono kwa risasi kwa bahati mbaya, halafu anataka kuitoa mwenyewe nje gizani, maelekezo kwenye simu, dawa ya kusafishia ni mvinyo, na Max kang'ata mdoli wa mbwa unaolia kila akiumia! Anamchana wee, kumbe risasi ilishatokea upande wa pili zamani. Nesi alipiga mto ngumi. Alisema wodini kwake huyo mwanamke angefukuzwa kazi siku ya kwanza, kisha akaomba irudishwe nyuma aione tena.

Kulikuwa pia na wanandoa, mwaka wa tatu huu tangu harusi. Mke alisema muvi ni upuuzi mtupu, mume akasema ni kali. Ila mapema kabisa, pale Max na Annie wanapokwenda kwa daktari kuhusu mtoto, na daktari anagusia kwamba huenda tatizo ni presha za Max mwenyewe juu ya kaka yake, mume aliinuka kwenda kuchukua maji. Maji yalikuwa mezani. Hakuna aliyesema kitu, na walifanya vizuri. Wanaojua maswali ya mawifi na mashangazi kila sikukuu wanaelewa kwa nini vichekesho vingine vinampita mtu pembeni. Ukweli usemwe, waandishi wa hii muvi hawakumgeuza Max kuwa wa kudhihakiwa kwa hilo. Wivu wake kwa kaka yake ndio unachekwa, na huo unastahili.

Ugomvi wenyewe sasa ulikuwa kwa Gary.

Gary ni jirani, polisi, ameachwa na mkewe, muda wote kashika kambwa kake keupe na anaongea kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Jesse Plemons kaicheza hii kiasi kwamba akisimama tu mlangoni watu wanakufa mbavu. Zamani alikuwa anaalikwa kwa sababu ya mkewe. Walipoachana, Max na Annie wakaanza kumficha. Anawauliza kama leo kuna gemu, wanamwambia hamna, na huku anaziona pakiti tatu za krispi mikononi mwao.

Watu watano wakacheka mpaka machozi. Wa sita, jamaa mmoja fundi simu Kariakoo, hakucheka. Akauliza, "Sasa huyu kawakosea nini?"

Wakamjibu kwamba jamaa anatisha, ana gundu, anaharibu mudi. Fundi hakukubali. Akasema watu wakikuzoea kupitia kwa mpenzi wako, siku mkiachana unakuta kumbe marafiki walikuwa wa kwake. Unaambiwa wiki hii hatukutani, halafu usiku unaona picha kwenye status, mishikaki na sahani za kila mtu. Aliongea taratibu, akiangalia tivii. Wawili kati ya waliokuwepo walijua kabisa picha zipi anazisema, maana walikuwa ndani yake.

Na muvi yenyewe iko upande wake, sema inachelewa kulionyesha hilo. Inagundulika kwamba Gary mwenyewe ndiye aliyepanga sehemu kubwa ya vurugu za usiku ule, ili tu arudishwe kundini. Mtu kuandaa utekaji mzima kwa ajili ya mwaliko! Inachekesha, ila ukiitafakari inauma.

Mengine ni ya kupongeza haraka haraka: nyumba zinazoonekana kutoka juu kama vifaa vya ubao wa mchezo, na muziki wa Cliff Martinez, yule wa Drive, unaofanya ujinga usikike kama hatari ya kweli. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 37 na ikaingiza zaidi ya milioni 110. Kwa komedi, si haba.

Majina ya wahusika yalipoanza kupanda, mwenye rimoti akazima. Fundi akamwambia awashe, kwa sababu hapo mwisho wanaonyesha makaratasi na mipango yote ya Gary kule kwake. Tivii ikawashwa. Nesi akasogea kwenye kochi, akampisha fundi akae katikati.