Bei ya Peasi

Genge ninalonunua matunda lipo Upanga, mtaa wa pili kutoka kwenye fleti ninamoishi. Kila mwaka peasi zikianza kuja, kijana muuzaji huniambia kitu kilekile: "Dada, hizi za Lushoto, tamu hizo." Mimi hutabasamu tu. Baba yangu alizaliwa Lushoto, na mwenyewe nilikuwa nimefika mara mbili, zote nikiwa mtoto, zote msibani.

Februari nilipanda basi peke yangu kwenda kumsalimia shangazi. Njia ni ndefu na haina la kusimulia hadi Mombo. Hapo basi linaacha barabara kuu na kuanza kupanda kona juu ya kona, mwamba upande huu, korongo upande ule. Ukifika Soni kwenye maporomoko ya maji, ndipo unapokumbuka kwamba hukubeba sweta. Wajerumani waliikimbilia baridi hii wakitoroka joto la pwani, wakauita mji Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao.

Nilikuwa na kitabu cha Steven Feierman, Peasant Intellectuals, cha mwaka 1990, kinachowahusu Washambaa. Humo nilikuta maneno ambayo baba hakunifundisha: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Nikasoma jinsi Waingereza walivyowalazimisha watu kulima matuta milimani miaka ya 1940 na 1950, na watu walivyogoma. Nikajiona msomi kwelikweli. Usomi wenyewe ulidumu hadi asubuhi ya gulio.

Tulitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, ndoo mbili za peasi. Ya shangazi kichwani. Yangu mikononi, nikisimama kila baada ya hatua ishirini, watoto wakinicheka. Sokoni kulikuwa na karoti zilizooshwa zikang'aa, kabichi, hoho, na viazi kwenye magunia ya lumbesa. Lumbesa sheria inaikataza, nimewahi hata kuandika habari yake. Ila sikuwahi kumwona mkulima akikishonea kile kilemba juu ya gunia kwa mikono yake mwenyewe, dalali kamsimamia.

Dalali wa peasi alikuja na kalamu sikioni. Elfu sita kwa ndoo. Shangazi akasema nane. Yule akahamia kwa mama wa pili. Shangazi akamwita arudi. Basi, biashara imekwisha, haikufika hata dakika mbili.

Tukakaa kunywa chai na maandazi. Ndipo akauliza, bila uzito wowote:

"Hivi kwenu huko Upanga, peasi moja shilingi ngapi?"

Kazi yangu ni kuwauliza watu bei na kuwabana wanaponidanganya. Siku zile pale gengeni peasi moja ilikuwa mia tano.

"Mia mbili, shangazi."

Akaweka kikombe chini. Midomo ikacheza kidogo. "Ndoo inaingia mia na ushei," akasema. "Elfu ishirini na zaidi." Kisha: "Hata hiyo mia mbili ni hela, mwanangu." Akamgeukia jirani yake, akamwambia jambo kwa Kishambaa, wakacheka wote wawili. Mimi sikuelewa hata neno.

Najua majibu yake. Lori linalipiwa, ushuru upo, kuli anadai chake, peasi nyingine zinaoza njiani, na kijana wa genge naye ana kodi ya chumba. Yote kweli. Lakini Kariakoo nimeiandika miaka. Soko lilipoungua Julai 2021 nilizunguka kwa wafanyabiashara nikihesabu hasara zao, na katika yote niliyoandika hakuna aya hata moja iliyoanzia huku juu. Sitamsingizia mhariri. Hakuna aliyenizuia, sikuuliza tu.

Uongo wenyewe mwanzoni niliuita huruma: kwa nini nimuumize mama wa watu na chai yake mkononi? Tulipokaribia Segera nikiwa narudi, nikakubali kwamba nilikuwa najikinga mimi. Ningetaja mia tano, swali la pili lingekuwa, "Na wewe unatoa?" Natoa. Wala sibishani bei. Nikibisha, nabisha na bodaboda.

Aliniwekea ndoo nzima ya kuja nayo mjini. Nilipotoa pochi akanitazama hadi nikairudisha. Peasi niligawa kwa majirani ngazi kwa ngazi, na kila mlango nikasema "za kwa shangazi", kwa sauti ya mtu aliyezilima.

Wiki mbili baadaye akapiga simu kuuliza kama zilifika salama.

"Zilifika, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Hazikuchubuka?"

"Chache tu." Nikasita. "Shangazi, ile bei niliyokwambia siyo. Ni mia tano."

Akanyamaza, hadi nikaitazama simu nikidhani imekatika. Nikasikia kuku, nikasikia mtu akipasua kuni.

"Mia tano moja?"

"Moja."

"Haya," akasema. Halafu akaniuliza kama Dar mvua zimeanza.