Fumbo Lisilo na Jina

Msomaji wangu, hadithi ya upelelezi ni tamu kama muwa: ukitafuna pingili moja watamani ya pili. Nilizisoma hadithi hizo usiku kucha, na furaha yangu ilikuwa moja, kumwona mwuaji akitiwa pingu katika ukurasa wa mwisho.

Siku moja nilikutana na hadithi ya kweli isiyo na pingu. Ni kitabu kiitwacho Zodiac, kilichotolewa mwaka 1986 na kufanywa filamu mwaka 2007. Mtungaji wake, Robert Graysmith, alikuwa mchora katuni wa gazeti la San Francisco Chronicle, Marekani. Tarehe 1 Agosti 1969 gazeti hilo na mengine mawili yalipokea barua za mtu aliyejigamba kuwa ameua. Kila barua ilikuwa na theluthi moja ya fumbo, na mwandishi aliamuru lichapishwe, ama sivyo ataua tena. Fumbo likachapishwa. Mwalimu mmoja wa shule na mkewe wakalifumbua kwa siku chache, lakini jina la mwuaji halikuwamo. Fumbo jingine la mwaka uleule lilifumbuliwa mwaka 2020. Jina halikuwamo pia. Graysmith alimwinda mtu yule miaka mingi, hata ndoa yake ikavunjika. Alipata wa kumshuku. Hakuna aliyepata kushtakiwa.

Nilipofunga kitabu nilinung'unika kama mnunuzi aliyepunjwa. Mama yangu alinisikiliza, kisha akauliza, "Na waliouawa, mwanangu, walikuwa akina nani?"

Nilifungua kinywa, kikawa kitupu. Nilijua jina alilojipa mwuaji, na alama yake ya duara lililokatwa na msalaba. Katika watu watano waliouawa sikukumbuka jina la hata mmoja.

"Asiyekuwapo na lake halipo," akasema mama, akaendelea kuchambua mchele.

Niliona haya. Nikakifungua kitabu tena, nikayasoma majina yao polepole, moja baada ya moja. Wawili wa kwanza, waliouawa Desemba 1968, walikuwa wanafunzi wa miaka 16 na 17. Walikuwa rika lako, msomaji.

Mwuaji yule alitaka kusomwa, nami nilikuwa msomaji wake mwaminifu. Basi usomapo habari za damu, tafuta kwanza jina la aliyeanguka. Aliyemwangusha ana watangazaji wa kutosha.