Ile Kombi Iliyokwama Kwenye Tuta: Nilichowaficha

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina deni.

Mnaikumbuka ile Kombi ya kizamani, rangi ya chungwa na nyeupe, iliyokwama juu ya tuta kule Goba? Vijana wanne wanaisukuma, mwenye gari kavaa miwani ya jua anajifanya anaongea na simu. Mimi ndo niliiposti. Juu yake niliandika, "Fundi wa hii gari arudi shule." Mlicheka sana. Mpaka leo sijawahi kuandika kitu kikapata watu wengi kama kile.

Mwenye gari jina kapuni, ila nyie wenyewe mnamjua. Niliyewaficha ni fundi. Fundi ni mjomba wangu, kaka yake mama, na siku anaambiwa aishushe ile gari mimi nilikuwepo.

Ngoja nianze mwanzo. Ile ni Volkswagen Kombi ya miaka ya sabini, zile zenye kioo kimoja kikubwa mbele na injini nyuma. Ndani ina kiti kinachogeuka kitanda, kabati, sinki ndogo, na paa linanyanyuka. Staa aliinunua kwa ajili ya video, baadaye akaipenda kweli. Akaja nayo gereji kwa mjomba, Tabata, na picha kwenye simu: Kombi za Uingereza na Ujerumani zimelala chini kabisa, rimu zimeingia ndani ya bodi. Akasema, "Mzee, nataka ilale hivi."

Mjomba akaziangalia zile picha taratibu. "Hizi zimelala kwa sababu zimeegeshwa," akamwambia. "Zina upepo. Zikitaka kutembea zinanyanyuka."

"We shusha tu mzee. Barabara nitachagua mwenyewe."

Kombi haina springi za kuzunguka kama Noah yako. Mbele kuna mirija miwili imelala, ndani yake kuna mapande membamba ya chuma yanayojipinda gari likipita kwenye shimo. Nyuma kila upande kuna chuma cha mviringo chenye meno mwishoni, nacho kinajipinda hivohivo. Kushusha nyuma unachomoa bamba linaloshika tairi, unalirudisha meno kadhaa juu. Ukishafunga, imeshakuwa hivo. Huwezi kubadili mawazo ukiwa njiani.

Mjomba alipomaliza alichukua chupa ya soda, akailaza, akaisukuma chini ya gari. Ilipita kwa kubana. Akamwita staa aone. "Tuta la mtaani kwenu limezidi hii chupa." Staa akacheka, akalipa, akaondoka. Mimi nami nilicheka.

Wiki ya tatu rafiki yangu akanitumia ile klipu. Nilijua kabisa ni kazi ya mikono ya nani, na nilijua alichosema. Ndani ya dakika kumi ilikuwa hewani. Nilijiambia simtaji mtu, kwa hiyo simuumizi mtu. Si ndo sheria yetu hapa, jina kapuni?

Kumbe Tabata yote inajua ile Kombi ilitoka gereji gani. Meneja wa staa alikuja kudai hela mbele ya wateja. Mzee mmoja aliyekuwa na Hiace tatu pale akazihamisha zote wiki ileile. Mjomba hakunipigia simu. Mama ndo alinipigia: "Mjomba wako kila siku ananiuliza we mzima? We humuulizii?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa mwezi mzima siendi.

Siku niliyojikaza nikaenda, nilikuta Kombi imerudi. Staa alikuwa ameagiza seti ya upepo kutoka Uingereza na mafundi wawili walishaikimbia. Mmoja alitaka kukata fremu. Mjomba akasema leteni. Nilipompa shikamoo aliitikia kama kawaida, kisha akanirushia ovaroli. "Mjomba, nina kazi ya watu wawili." Basi. Hakuna hotuba.

Sasa niwaeleze hii kitu, maana wengi mnadhani ni mbwembwe za kuchezesha gari. Ni mifuko minne ya mpira mgumu, kila tairi na wake, inafanya kazi iliyokuwa inafanywa na vile vyuma. Ukiijaza gari linapanda, ukiitoa upepo linalala. Kuna kompresa ya umeme wa betri, kuna tangi dogo la kuhifadhi upepo, kuna vali za kupeleka upepo kila kona, na geji kwenye dashibodi. Mabasi ya mikoani mazuri yanatumia wazo hilohilo.

Wazo lenyewe la gari linalopanda na kushuka lina stori tamu. Kule California, kuanzia 1958 sheria ilikataza gari lililofanyiwa mabadiliko kuwa na sehemu iliyoshuka chini ya kiwango cha rimu. Mwaka 1959 jamaa mmoja anaitwa Ron Aguirre akafunga haidroliki kwenye Corvette yake, yaani pampu za mafuta, ili aweze kuinyanyua akiona polisi. Sisi tulikuwa tunakimbia tuta tu.

Kazi ilituchukua siku tano. Mbele mjomba alitoa vile vyuma vya kujipinda, akaacha tu kinachozuia mikono ya tairi isichomoke. Nyuma akachomoa vile vya meno, yale mabamba yakabaki kwenye bushi zake kama bawaba. Alinionesha matairi ya nyuma yalivyolika upande wa ndani, kwa sababu Kombi ya aina hii ukiishusha sana nyuma, miguu inapinda kama ya mtoto anayejifunza kutembea. Jointi za ekseli nazo zilikuwa zinafanya kazi zimepinda muda wote. "Gari lilikuwa linaumwa," alisema, "na lingekufa polepole hata bila tuta."

Kompresa na tangi tuliviweka ndani ya boksi la kiti cha kitanda. Waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi karibu kabisa na betri, relei katikati ili swichi ndogo isiungue. Chini ya tangi kuna kibomba cha kutolea maji, maana hewa ya Dar ina unyevu na upepo ukibanwa maji yanabaki ndani. Usipoyatoa, yanaharibu vali.

Mimi nilipewa kazi ya kukata mabomba ya upepo. Ni mabomba membamba ya plastiki ngumu, unayasukuma kwenye kiungio yanajibana yenyewe. Mjomba alinipa kisu maalumu cha kukatia na akasema sentensi moja: bomba likatwe wima kabisa, likikatwa mshazari litashika kidogo halafu litaachia. La mwisho kisu sikukiona mahali kilipo. Nikalikata kwa koleo.

Siku ya nne tukaijaza upepo. Kombi ikapanda, taratibu, kama ng'ombe anavyoinuka. Staa alikuwepo, simu juu, anarekodi. Hapo nikadondosha spana namba 13, ikaviringika chini ya gari.

Mjomba ana sheria: hakuna mtu kuingiza hata kidole chini ya gari linaloshikiliwa na upepo peke yake. Kila akinyanyua anasukumia magogo mawili chini ya fremu kabla ya kufanya kitu kingine. Mimi nilikuwa nayaona yale magogo kama ushamba. Nikalala chini, nikanyoosha mkono.

Nilisikia mlio kama risasi ya maji, halafu pua yote ya Kombi ikaja chini. Sikuwahi hata kuuvuta mkono. Gari likagonga magogo, likasimama. Kati ya chuma na mkono wangu palibaki kama shubiri moja.

Nilitoka natetemeka. Bomba la mbele kushoto lilikuwa linaning'inia, na mdomo wake ulikuwa mshazari. Mjomba alilishika, akalitazama, akanitazama. Alijua.

Staa akasogea na simu yake. "Nani kafanya huu ujinga? Mnataka kuniulia gari?"

"Hilo bomba nimelikata mimi," mjomba akasema. "Tunalikata upya."

Yaani wadau, fikirieni. Mtu ana kamera inayorekodi mbele yake. Aliyemchafua kwenye mitandao amesimama palepale, kosa ni lake, ushahidi uko mkononi. Na yeye akalibeba, akainama kutafuta kisu.

Jioni tulipobaki wawili nikamwambia, "Anko, ile posti ya Goba..." Akanikatisha. "Naijua. Leta maji ya sabuni."

Tukapaka povu la sabuni ya unga kwenye kila kiungio. Panapovuja panatoa mapovu. Tulipata pawili, tukapakaza. Gari likalala gereji usiku kucha likiwa limejazwa, asubuhi geji zilikuwa palepale. Kisha mjomba akalipima urefu wa kutembelea, ekseli zikiwa zimenyooka, na hapohapo ndo tairi zikanyooshwa. Akamwambia staa mambo matatu: usiendeshe likiwa limelala, kwa sababu stelingi na gia zitagusana na vyuma vya chini, toa maji kwenye tangi kila wiki, na usimruhusu mtu aingie chini bila magogo au stendi. Safari hii staa aliandika kwenye simu.

Tulipita Goba wote watatu. Mbele ya lile tuta mjomba akabonyeza swichi, Kombi ikapanda, tairi za mbele zikavuka, za nyuma zikavuka. Hakuna kilichogusa. Staa akapiga kelele kama kafunga goli. Mjomba alikuwa amegeuza shingo anasikiliza chini.

Mliona video ya staa wiki iliyofuata, gari linalala ufukweni jua likizama. Aliandika "Asante timu yangu." Fundi hakutajwa. Yule mzee wa Hiace karudisha moja, mbili bado.

Sasa deni langu. Nimekuwa nikiamini jina kapuni linamlinda ninayemwandika. Mara nyingi linanilinda mimi. Mtu asiyetajwa hawezi kuja kunijibu, ila mtaani kwao kila mtu anamjua, na kicheko kinamfikia. Ile posti sijaifuta, nikiifuta itakuwa kama haikutokea. Nimeweka juu yake kiungo cha kuja hapa. Maoni yako wazi hapo chini, nitukaneni mkitaka, ila kwenye kumtaja staa simjibu mtu.

Juzi nilimuuliza mjomba kama niandike jina lake na gereji yake, angalau apate wateja. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Akasema jina niache.

"Andika tu kwamba nilimwambia."

Alimwambia, wadau. Kabla hajashusha, na baada ya kushusha, kwa chupa ya soda. Mimi nilikuwepo.